Kununua king'amuzi cha kurekodi au niachane nacho? Nafanya zamu za usiku, naombeni ushauri

Binti Nyakato (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Nina hela ya kununua king'amuzi chenye diski ya kurekodi ndani, ila kabla sijaitoa nataka kusikia walionacho wanasemaje.

Mimi ni muuguzi hapa Mwanza. Wiki ya zamu ya usiku naingia jioni natoka asubuhi, kwa hiyo taarifa ya habari, tamthilia ninayoifuatilia na mechi za Ulaya vyote vinanipita nikiwa wodini. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa, naye akirudi nyumbani anataka kuona mpira uliompita. Halafu kuna Kombe la Dunia linaloanza 11 Juni 2026 kule Marekani, Kanada na Meksiko. Timu 48, mechi 104, na nyingi zitachezwa sisi tukiwa tumelala. Mechi ikianza saa 3 usiku kwa saa za New York, hapa kwetu ni saa 10 alfajiri. Mwenye kazi asubuhi ataionaje?

Dukani nimeonyeshwa king'amuzi ambacho bei yake ni mara kadhaa ya hiki tulicho nacho. Muuzaji ananiambia "dada, humu unarekodi mpaka unashiba". Sijabisha, lakini sijalipa. Je, kwa umeme wetu huu na vifurushi vyetu hivi, kitu hiki kinalipa? Au kuna njia nyepesi zaidi?

Ngosha

Mkuu, usinunue. Mabao yote yapo YouTube kabla hujaamka, na tamthilia nyingi zinawekwa mtandaoni siku hiyohiyo. Hela hiyo weka kwenye bando. Mambo ya kurekodi ni ya enzi za mikanda ya video.

Binti Nyakato

Ngosha, asante, lakini mabao ya dakika tatu si mechi. Mume wangu ukimwekea mabao tu anaona umemdhulumu. Na bando tumelipigia hesabu: picha ya HD inakula kama GB 3 kwa saa, mechi moja na mapumziko yake tayari ni GB 6. Mechi nne kwa wiki uone inakuwa ngapi. Dishi lipo juu ya bati na kifurushi nalipia, sioni kwa nini nilipie picha ileile mara mbili.

Fundi Madishi

Dada Nyakato, mimi nafunga madishi Dodoma na vijiji vya jirani. Nitaandika kirefu kidogo, maana swali lako naulizwa sana na naona watu wanabeba vitu wasivyovihitaji.

Ukienda Kariakoo au Luthuli kule Nairobi ukasema tu "nataka DVR", utaletewa mashine ya kurekodi ya kamera za ulinzi. Ni kweli ina diski na inarekodi, ila haina pa kuchomeka waya wa dishi. Sema unataka king'amuzi cha PVR, yaani cha kurekodi vipindi vya runinga, na kabla hujalipa geuza nyuma uone tundu la kuingiza waya wa dishi.

Sasa tuje kwenye kifaa chenyewe. Wauzaji wanasifia ukubwa wa diski, lakini tofauti kubwa kati ya king'amuzi cha kawaida na cha PVR ni idadi ya vipokezi ndani yake, yaani sehemu zinazonasa chaneli. Cha kawaida kina kipokezi kimoja. Kikirekodi chaneli fulani, runinga inabaki kwenye chaneli hiyo, au angalau kwenye chaneli zinazorushwa katika masafa yaleyale. PVR ina vipokezi viwili au zaidi, ndiyo maana mama anaangalia tamthilia na mpira unarekodiwa bila ugomvi wa rimoti. Kwa hiyo jiulize: saa unazotaka kurekodi, kuna mtu nyumbani anayetaka kuangalia kitu kingine? Kama wewe uko wodini, mzee yuko barabarani na runinga imezimwa, unakwenda kulipia vipokezi ambavyo havitakuwa na kazi.

Mfano ambao wengi wanaufahamu ni Explora ya DStv, iliyoingia sokoni Afrika Kusini 2013 ikiwa na diski ya TB 2. Ni mashine nzuri, nimezifunga na sina ubaya nazo. Lakini haifungwi kwa LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi) ya kawaida, inataka Smart LNB au swichi yake maalumu, na ukitaka irekodi kuna ada ya PVR kila mwezi juu ya kifurushi. Ukipiga hesabu ya bei ya sanduku peke yake bila hayo mawili, utashtuka mwezi wa kwanza.

Jambo jingine ambalo dukani hulisikii: unachorekodi kwenye king'amuzi cha kulipia kinafungwa na king'amuzi hichohicho. Chomoa diski, peleka kwenye kompyuta, hakifunguki. King'amuzi kikiungua, na ulivyorekodi vimekwenda. Na mara nyingi kifurushi kikiisha hata vile vya zamani vinagoma mpaka ulipie. Basi usikinunue ukidhani unajenga maktaba ya kudumu ya vipindi na mechi. Kazi yake ni kukusogezea kipindi kutoka saa usiyoweza kukaa sebuleni hadi saa unayoweza.

Kabla ya yote, nenda kwenye king'amuzi ulicho nacho sasa hivi. Kina tundu la USB? Kwenye rimoti kuna kitufe chenye nukta nyekundu au maandishi REC? Kibonyeze uone kinasemaje. Kuna vingine tundu lile ni la kusasishia programu tu. Lakini vipo vingi vinavyorekodi na mwenye nyumba hajui.

Kilindini

Salama nyote. Namuunga mkono fundi. Huku kwetu Mombasa baada ya analojia kuzimwa 2015 watu wengi walinunua ving'amuzi vidogo vya DVB-T2 (vya antena, si vya dishi) vya chaneli za bure, vile vya kulipa mara moja basi. Vingi vinarekodi kwenye flashi. Mimi nimekifunga chumbani kwa mamangu, taarifa ya habari ya usiku inajirekodi yenyewe, asubuhi anaitazama akinywa chai. Na kwa kuwa chaneli zenyewe hazijafungwa, faili nyingine naziweka kwenye kompyuta na programu ya VLC inazifungua bila taabu.

Ila kuna jambo nataka ndugu zangu mliangalie. Saa. Mwanzo mamangu alikuwa akipanga mwenyewe kurekodi kipindi cha saa tatu usiku, akaandika 03:00. Mashine ikarekodi kwa uaminifu saa tisa usiku, akapata mahubiri na matangazo. Saa tatu usiku andikeni 21:00, saa nne 22:00, saa kumi alfajiri 04:00. Na muingie kwenye mipangilio muhakikishe ukanda wa saa ni GMT+3, yaani saa za Afrika Mashariki, kwa maana vingine hutoka kiwandani vikiwa kwenye sifuri na ratiba yote inakaa nyuma kwa saa tatu.

Mama Shufaa

Mie niko Unguja, tunacho hicho cha diski ndani na nyumba yetu ina watu wengi. Nitasema ninachokipenda: kusimamisha picha. Maghribi ikiadhiniwa nabonyeza kitufe, tunaswali, tukirudi tunaendelea palepale tulipoachia hata kama ni mechi ya moja kwa moja. Mashine inakuwa inaiandika pembeni muda wote. Kwa hilo peke yake mume wangu hakiuzi.

Lakini mwanangu, diski ile haijazwi na mpira. Inajazwa na katuni. Watoto wakishajua kupanga kurekodi mfululizo mzima, kila kipindi kinachorudiwa kinaingia tena, siku unayotaka fainali unaambiwa nafasi hakuna. Weka namba ya siri, na kipindi unachokitaka kifungie kisifutwe. Na kwa nyumba ya watu wawili wasiokuwepo usiku, mie nisingelikinunua kwa bei ile. Sisi tuko tisa.

Ngosha

Fundi, hayo yote sawa. Umeme je? Huku mtaani kwetu umeme ukikatika saa saba usiku king'amuzi kitarekodi giza? Hapo ndipo mtandao unaposhinda, simu ina chaji.

Fundi Madishi

Ngosha, hoja yako ya umeme ni nzito kuliko ile ya YouTube, na ndiyo inayoamua mambo haya hapa kwetu.

Umeme ukikatika katikati ya kurekodi, faili inaweza kufungwa vibaya isifunguke kabisa, na diski za kuzunguka hazipendi kuzimwa ghafla. Ukirudi, king'amuzi kimoja kinawaka na kuendelea na ratiba, kingine kinabaki kwenye taa nyekundu kikisubiri rimoti. Hili halimo kwenye boksi. Lipime mwenyewe: panga kurekodi dakika kumi zijazo, chomoa plagi ukutani, irudishe, kaa uangalie kama kitaanza. Kama hakianzi, hata PVR ya bei mbaya haitakusaidia siku ya mgao.

Habari njema ni kwamba ili kurekodi huhitaji runinga iwake. Runinga ndiyo inayokula umeme, king'amuzi kinakula kidogo sana. Na ving'amuzi vingi vinatumia adapta ya volti 12, kwa hiyo zile UPS (betri za akiba) ndogo za rauta zinavibeba vizuri. Soma maandishi kwenye adapta yako: kama imeandikwa 12V na 1.5A, tafuta UPS inayotoa volti 12 kamili na ampea zisizopungua hizo. Volti usibahatishe, utaunguza.

Sasa upande wa diski ya kuchomeka. Flashi za bei ya chini zinaandika taratibu, picha inakatakata unadhani dishi limesogea. Chukua diski ndogo ya inchi 2.5. Kuhusu nafasi, hesabu yake ni rahisi: chaneli ya HD inayorushwa kwa megabiti 8 kwa sekunde inajaza GB 3.6 kwa saa. Diski ya GB 500 inakupa zaidi ya saa 130. Nani ana muda wa kuangalia saa 130? Chaneli za kawaida zisizo za HD zinakula pungufu mara tatu au nne. Kwa hiyo anayekuuzia kwa sifa ya terabaiti anakuuzia nafasi ambayo watoto wa Mama Shufaa ndio wataijaza.

Kuna mtego mmoja kwenye kufomati, yaani kuiandaa diski ipokee faili. Diski iliyofomatiwa kwa mtindo wa FAT32 haikubali faili moja izidi GB 4. Kwa HD hiyo ni kama saa moja na dakika kumi, yaani unafika kipindi cha pili kimeanza tu. King'amuzi chenye akili kinakata faili na kuanzisha ya pili bila wewe kujua, kingine kinasimama hapohapo. Kama chako kinakubali mtindo wa NTFS, usio na kikomo hicho, tumia huo. Kama hakikubali, kiache kifomati diski chenyewe kupitia menyu yake.

Na tundu la USB la king'amuzi wakati mwingine halina nguvu ya kuisukuma diski. Ukisikia diski inalia tik tik na kuzima, usiilaumu diski. Tumia kiunganishi cha USB chenye adapta yake, na hicho nacho kiwe kwenye UPS, la sivyo umefanya kazi bure.

Mzaramo Ughaibuni

Nawasalimu kutoka Leicester. Niongeze upande wa pili wa picha ili dada aone upepo unakovuma kabla hajatoa hela nyingi.

Marekani mashine hizi zilianza kuuzwa 1999 na kampuni ya TiVo, hapa Uingereza Sky+ ya kampuni ya runinga ya Sky ikaingia 2001. Kabla ya hapo watu walirekodi kwa mikanda, na ilibidi kesi ifike Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo 1984 ilisema mtu kurekodi kipindi nyumbani ili akiangalie baadaye si kosa. Leo kampuni zilezile zinaondoka kwenye diski. Sky walipotoa runinga yao ya Sky Glass mwaka 2021 haikuwa na dishi wala diski, kila kitu kinatoka kwenye intaneti. TiVo nao 2025 wakaacha kuuza mashine zao.

Msije mkasema basi Ngosha ameshinda. Huku intaneti ya nyumbani unalipia kwa mwezi na unatumia bila kuhesabu, ndiyo maana diski imekosa kazi. Mahali ambapo kila GB ina bei yake, kurekodi kutoka angani bado kuna maana kubwa, sababu mawimbi ya dishi hayahesabu GB. Mimi nyumbani kwa wazazi Mbagala nimewawekea diski ya kuchomeka. Sikuona sababu ya kuwanunulia mashine ya gharama ambayo teknolojia yake inaelekea mlangoni.

Binti Nyakato

Wakuu, mmenipa shule. Nimefanya alichosema fundi. King'amuzi changu kina tundu la USB ubavuni, limezibwa na kistika sikuwahi kukiona. Kitufe cha nukta nyekundu kipo, nilipobonyeza kikaniambia chomeka kifaa cha kuhifadhia. Mdogo wangu amekuja na diski yake ya GB 500, king'amuzi kikaifomati chenyewe, tukarekodi taarifa ya habari ya saa mbili. Imetoka safi, sauti na picha. Ile ya kuchomoa plagi nayo tumeijaribu: kinawaka chenyewe na kinaendelea na ratiba, ila kipande kilichokuwa kinarekodiwa wakati wa kuchomoa hakifunguki.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyekitaja: nimepitia ratiba ya chaneli nikakuta tamthilia yangu inarudiwa kesho yake mchana. Nikitoka zamu nalala mpaka saa saba, marudio ni saa nane. Nilikuwa nataka kununua mashine kwa ajili ya kipindi kinachonisubiri nikiamka.

Kwa hiyo kilichobaki ni mpira na habari, na saa hizo nyumbani hakuna mwingine anayeshika rimoti. Vipokezi viwili havina kazi kwangu. Nimeamua kununua diski na ile UPS ndogo ya volti 12, king'amuzi cha dukani nakiacha. Hata ile ada ya PVR ya kila mwezi sitakuwa nayo.

Swali la mwisho kwa fundi. Juzi nimejaribu kurekodi mechi kwa kuichagua kwenye ratiba, ikakatika dakika ya 88. Tatizo ni diski?

Fundi Madishi

Diski haina kosa, ni ratiba. Ratiba ile huandikwa mapema na mechi haiifuati. Dakika za nyongeza tu zinatosha kukupotezea bao la mwisho. Ingia kwenye mipangilio ya kurekodi, tafuta sehemu ya muda wa ziada mwishoni. Mechi ya ligi weka dakika 30. Kombe la Dunia kwenye makundi 30 hizohizo zinatosha, lakini kuanzia hatua ya mtoano weka saa moja na nusu, kwa sababu kuna dakika 30 za ziada, mapumziko yake na penalti. Mwanzoni ongeza dakika tano.

Na kipindi hiki cha mvua mpande dishini mkaze nati na kufunga maungio ya waya vizuri kwa utepe wa mpira. Mvua kubwa inadhoofisha mawimbi hata kwenye dishi zuri, ila lililolegea hupoteza picha kwa manyunyu tu, na usiku hakuna mtu wa kulisogeza.

Mama Shufaa

Na umwambie mume wako asifungue makundi ya WhatsApp kabla hajaitazama mechi. Wangu alirekodi nusu fainali, shemeji yake akamtumia matokeo asubuhi na mapema. Hawakusemezana wiki nzima.

Binti Nyakato

Asante Mama Shufaa, asante fundi, Kilindini, Mzaramo na Ngosha pia, hoja ya umeme ndiyo iliyonifanya nitafute UPS. Fainali ni 19 Julai, saa 4 usiku kwetu, na ratiba ya zamu inaonyesha nitakuwa kazini. Nitarekodi, nitaweka saa moja na nusu ya ziada, na simu ya mzee nitaizima mwenyewe kabla sijatoka nyumbani.